Alisema miaka mitano tu

Mtoto wa mdogo wangu anafanya kazi Kolwezi, mji wa migodi kusini mwa Kongo yetu, kwenye kampuni ndogo inayokodisha malori kwa migodi. Ana miaka 27, amemaliza chuo, kichwa chake kinachemka, na anataka dikteta. Hasemi kwa mzaha. Kila akija Lubumbashi kupumzika huja na video mpya kwenye simu: Kigali usiku na taa zake, treni za China, maghorofa ya Singapore. Nikianza habari za uchaguzi ananikatiza kwa Kiswahili chetu cha hapa: "Mama mukubwa, kura haiko bukari." Yaani kura si ugali.

Siwezi kumcheka. Uchaguzi wake wa kwanza ulikuwa ule wa Desemba 2018. Kanisa Katoliki lilikuwa limesambaza waangalizi wapatao 40,000, na baada ya matokeo kutangazwa maaskofu walisema wazi kwamba hayalingani na yale waangalizi wao waliyokusanya vituoni. Nchi nzima ilisikia, kisha kila mtu akarudi kwenye shughuli zake. Kijana aliyeanza hivyo, ukimwambia kura ni sauti yake, atakuuliza nani aliisikia. Hoja yake ni fupi na inapendwa na wengi wa rika lake: "Kwanza tukule. Ile ingine itakuya." Apatikane mtu mmoja mkali, ajenge barabara, afunge wezi, uchumi upande, na demokrasia tutaijadili tukishashiba.

Naandika hapa kwa sababu mezani hanipi nafasi ya kumaliza sentensi. Nataka kumwambia kwamba Lubumbashi imeshakula kwanza. Tena mara mbili.

Mara ya kwanza ilikuwa chini ya kampuni. Union Minière du Haut-Katanga iliundwa mwaka 1906, mji ukaanzishwa 1910, na mwaka uliofuata shaba ya kwanza ikatoka kwenye tanuru la kando ya mto Lubumbashi. Miaka ya 1920 kampuni iliona hasara ya kuleta wafanyakazi na kuwarudisha vijijini kila mkataba unapoisha, ikaamua kuwatuliza pamoja na wake zao. Zikaja nyumba za kambi, posho ya unga na samaki, zahanati, shule, na foyer ambako akina mama walifundishwa kushona na kulea watoto kwa namna iliyompendeza mzungu. Wazee wa Kenya na Katuba, mitaa ya hapa Lubumbashi, hadi leo watakuambia kampuni ilikuwa baba na mama. Ni kweli ililisha. Ila baba huyo hakuulizwa kitu na mtoto yeyote.

Desemba 1941 watoto waliuliza. Vita ya Ulaya ilikuwa imepandisha bei sokoni na pia imepandisha mahitaji ya shaba, na wafanyakazi waliona shaba inapanda huku mshahara umelala. Wakagoma. Tarehe 9 walikuwa wamekusanyika kwenye uwanja wa mpira, askari wakapiga risasi. Walikufa makumi, akiwemo msemaji wao, Léonard Mpoyi. Uzalishaji uliendelea, na vitabu vya hesabu vya miaka ile ukivisoma peke yake utasema mambo yalikwenda vizuri sana. Zahanati na risasi zilikuwa mali ya mfumo mmoja. Hukuweza kuchukua moja ukarudisha nyingine.

Mara ya pili ndiyo ninayoikumbuka mwenyewe, angalau mkia wake.

Mobutu alichukua madaraka tarehe 24 Novemba 1965. Mwaka 1967 aliitaifisha Union Minière, ikawa kampuni ya serikali ambayo baadaye tuliizoea kwa jina la Gécamines. Mwaka huohuo ikatoka sarafu mpya, zaire, na zaire 1 ilikuwa sawa na dola 2. Bei ya shaba ilikuwa nzuri, vita vya uasi vilikuwa vimezimwa, na mtu aliyetoka katika fujo za 1960 hadi 1965 aliona amani ile kama zawadi kutoka mbinguni. Mtoto wa mdogo wangu angempenda Mobutu wa 1969. Mimi pia ningempenda, nadhani. Mwaka 1970 alijisimamisha peke yake katika uchaguzi wa rais: karatasi ya kijani ilikuwa ya ndiyo, nyekundu ya hapana, na kila mtu aliona umeshika rangi gani. Kura za hapana hazikufika mia mbili nchi nzima.

Baba yangu alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, kwa hiyo sisi hatukuwa watoto wa Gécamines, na tuliwaonea wivu watoto hao mpaka usiku. Walikuwa na basi la shule. Walikuwa na hospitali yao. Baba zao walirudi mwisho wa mwezi na mifuko ya unga juu ya mshahara. Katikati ya miaka ya 1980 kampuni ilikuwa na wafanyakazi zaidi ya 30,000, na mwaka 1986 ilitoa karibu tani 476,000 za shaba. Zaidi ya nusu ya fedha za kigeni za nchi zilitoka kwenye mikono yao.

(Huyu kijana wangu anasifu sana umuganda wa Rwanda, ile siku ya mwezi ambayo watu wote hutoka kufagia. Sisi tulikuwa na salongo. Tulifagia pia, na tuliimba tukifagia, na shuleni tulicheza ngoma za kumsifu Guide, yaani Mobutu, mpaka viuno vikauma. Usafi wa barabara haujawahi kuniambia chochote kuhusu hazina ya serikali.)

Sasa tufike pale ambapo mambo yaliharibika, kwa sababu watu hulipita haraka mno. Tarehe 30 Novemba 1973 Mobutu alisimama mbele ya Bunge akatangaza kwamba maduka, mashamba na biashara za wageni zitapewa Wazaire, kama tulivyoitwa wakati ule. Hapa kwetu hiyo ilimaanisha maduka ya Wagiriki, Wareno, Wabelgiji, Wahindi, na hata wafanyabiashara Waafrika Magharibi. Waliopewa walikuwa watu wa chama, maafisa, jamaa za wakubwa. Wengi hawakujua duka linaagiza bidhaa wapi wala kwa mkopo gani. Waliuza kilichokuwa kwenye rafu na rafu zikabaki tupu. Miaka michache baadaye serikali ikaanza kuwaita wageni warudi kuchukua mali zao. Baadhi walirudi, wengi hawakurudi.

Wazo la kumpa Mkongomani biashara ya nchi yake halikuwa la kijinga. Kilichokosekana ni mtu mmoja wa kuinua mkono ndani ya ukumbi ule na kuuliza: nani atapewa, kwa kigezo gani, na bidhaa za mwezi wa Machi zitatoka wapi? Maswali matatu ya kawaida ambayo mama yeyote muuza samaki angeyauliza. Ukumbi ulipiga makofi. Wabunge wote walikuwa wa chama kimoja, na sisi sote kisheria tulizaliwa wanachama wake.

Mwaka uliofuata bei ya shaba duniani ilianza kuporomoka, na kufikia 1975 ilikuwa imeshuka zaidi ya nusu. Serikali ilikuwa imekopa kana kwamba bei haitashuka kamwe. Sehemu ya mikopo hiyo iliingia kwenye laini ya umeme ya Inga hadi Shaba (ndilo jina la Katanga yetu enzi zile), na hii laini napenda kuizungumzia kwa sababu iko pale mpaka leo, kila mtu anaweza kwenda kuitazama. Ina urefu wa takriban kilomita 1,700, kutoka mto Kongo kule magharibi hadi Kolwezi. Iligharimu zaidi ya dola bilioni 1 na ilikamilika 1982. Katanga ilikuwa na mabwawa yake tayari: Mwadingusha tangu 1930, Koni, Nzilo, Nseke. Wahandisi walijua kwamba kulikuwa na mito zaidi ya kuzuia hapahapa karibu. Lakini Kinshasa haikuwa imesahau kujitenga kwa Katanga kwa mwaka 1960, na umeme unaotoka Kinshasa ni umeme ambao Kinshasa inaweza kuuzima. Tena laini yenyewe inabeba umeme wa mkondo mnyoofu, aina ambayo huwezi kuichota njiani bila kituo cha gharama kubwa sana. Kwa hiyo nguzo zikapita juu ya vijiji vya Bandundu na Kasai, na watu wa vijiji hivyo wakaendelea kuwasha vibatari chini yake. Takwimu za mwaka ule zilihesabu laini kama maendeleo. Uchumi ulikua kwa urefu wa nguzo zile zote.

Mjadala wa kweli ungeweza kuisimamisha laini hiyo, au kuibadilisha njia. Mbunge wa Kasai angesema: hamtapita juu ya watu wangu bila kuwaachia taa. Huenda angeshindwa, lakini bei ya kumshinda ingepanda.

Baada ya hapo ulikuwa mteremko. Mapato ya Gécamines yalitumika kama mfuko wa nyumbani wa mtu mmoja, mashine hazikubadilishwa, na Septemba 1990 sehemu ya mgodi wa Kamoto iliporomoka. Miezi michache kabla, usiku wa tarehe 11 kuamkia 12 Mei, watu wenye silaha waliingia mabweni ya chuo kikuu chetu hapa barabara ya Kasapa na kuwashambulia wanafunzi. Serikali ilikubali kifo kimoja. Mjini hakuna aliyeamini idadi hiyo, wala leo hakuna anayeiamini. Mobutu alikuwa ametangaza vyama vingi wiki zisizotimia tatu nyuma, Aprili 24, na watoto walichukua tangazo lile kwa uzito kuliko mwenyewe. Kisha uporaji wa 1991. Kisha noti ya zaire milioni 5 ambayo watu walikataa kuipokea. Kisha mwaka 1992 na 1993, wakati wanasiasa wa hapa walipowageuzia Wakasai kibao na majirani tuliosoma nao wakalala kituo cha treni wakisubiri mabehewa ya kuwarudisha Kasai. Sitaki kuendelea na hilo leo. Uzalishaji wa shaba ulishuka chini ya tani 50,000.

Hapa ndipo kijana wangu hunikata: "Bei ilianguka dunia nzima. Si kosa la udikteta."

Haya, twende Kasumbalesa. Vuka mpaka. Jiwe ni lilelile, linaendelea chini ya ardhi bila pasipoti. Zambia ilitaifisha migodi yake kama sisi, ilikuwa na chama kimoja kama sisi tangu 1972, ilipigwa na bei ileile ya 1975, ilikopa na ikazama katika madeni. Uzalishaji wao ulishuka kutoka takriban tani 700,000 hadi robo milioni hivi mwanzoni mwa miaka ya 2000. Wameumia. Lakini linganisha: wao walibaki na theluthi moja, sisi tulibaki na chini ya sehemu moja ya kumi. Na Oktoba 1991, wakati miji yetu inaporwa na wanajeshi wasiolipwa, Kaunda alipigiwa kura, akashindwa, akakubali, akaondoka nyumba ya serikali kwa miguu yake. Tangu hapo vyama tawala viliondolewa tena kwa kura mwaka 2011 na 2021. Sisemi Zambia ni pepo. Mwaka 2020 walishindwa kulipa madeni yao, na mtu wa Kitwe atakuambia ubinafsishaji ulivyomtupa nje. Nasema tu kwamba tuna jaribio lililofanyika mlango wa pili, na matokeo yake yamesimama kilomita mia moja kasoro kutoka mahali ninapoandika.

Kuhusu Korea Kusini nimemjibu kwa kifupi, kwa sababu nadhani watu wanaipenda bila kuisoma. Park Chung-hee alitawala kuanzia 1961 na nchi ilitajirika kweli. Aliuawa 1979 na mkuu wake mwenyewe wa usalama, mwaka uliofuata jeshi likaua raia Gwangju, na mwaka 1987 watu walijaa barabarani mpaka wakapata haki ya kumchagua rais moja kwa moja. Utajiri haukukatika baada ya hapo, uliongezeka. Na mbele ya Park mmoja niwekee Mobutu, Bokassa, Idi Amin, Siad Barre, Mengistu. Mtu anayeomba dikteta hupewa aliyepo.

Kuhusu Rwanda ni vigumu zaidi, na sitajifanya ni rahisi. Nchi iliyokuwa kaburi mwaka 1994 leo ina bima ya afya ambayo wengi wetu hatuna. Kagame alipata asilimia 99.18 Julai 2024. Sasa niambie, katika hiyo asilimia 0.82 iliyobaki, nani angeweza kumuuliza gharama za kuwa na wanajeshi upande wetu wa mpaka? Wataalamu wa Umoja wa Mataifa wameandika ripoti baada ya ripoti kuhusu msaada wa Rwanda kwa waasi wa M23. Goma ilitekwa Januari 2025, Bukavu Februari. Kijana ana rafiki aliyekimbia Goma na mkoba mmoja, na bado ananionyesha taa za Kigali. Nilimwambia serikali isiyojibu nyumbani haitajibu kwa jirani. Alizima simu, lakini hakusema nimeshinda.

Mfano ninaoupenda mimi ni Botswana: uchaguzi kila miaka mitano tangu kabla ya uhuru wa 1966, almasi zikachimbwa kwa ubia wa nusu kwa nusu na De Beers, na mwaka 2024 chama kilichotawala tangu uhuru kikashindwa na rais akampigia simu mshindi. Jibu lake: "Botswana beko batu ngapi?" Milioni mbili na nusu. Hapo amenipata, nchi ya watu wachache na almasi nyingi haifanani na yetu.

Lakini turudi kwetu, kwa sababu hoja yake kubwa ni kwamba demokrasia tumeijaribu tangu 2006 na haikuleta kitu. Kwa shaba, sivyo. Sheria ya migodi ya 2002, amani, bei nzuri: karibu mwaka 2012 tulipita rekodi ya Gécamines, na mwaka 2023 nchi ilitoa zaidi ya tani milioni 2.5, tukawa wa pili duniani. Mara tano ya enzi ile niliyokuwa nikiwaonea wivu watoto wa basi la shule. Kobalti ndiyo usiseme. Kukua kupo. Malori yake yeye mwenyewe yanaibeba shaba hiyo. Kisichoonekana ni basi la shule.

Na hapa ndipo ninapotofautiana naye kabisa. Anaona kura nyingi zisizozaa. Mimi naona kura imewekwa mbali na pesa. Sheria iliyorekebishwa mwaka 2018 inagawa mrabaha wa madini hivi: nusu kwa serikali kuu, asilimia 25 kwa jimbo, asilimia 15 kwa komini (manispaa ndogo ndani ya mji), sekta au uchifu ambako mgodi upo, na 10 kwa mfuko wa vizazi vijavyo. Zamani fungu la wenyeji lilipitia Kinshasa, na Kinshasa ina tumbo. Sasa kampuni inalipa moja kwa moja kwenye akaunti ya eneo. Ni mabadiliko makubwa kuliko hotuba zote nilizosikia maishani. Dilala na Manika, komini mbili za Kolwezi, zimeona pesa ambazo wazee wao hawakuziota.

Nani anaamua matumizi yake? Mkuu wa komini. Nani alimchagua mkuu wa komini? Hakuna. Ameteuliwa. Katiba ya 2006 ilitaka mabaraza ya kuchaguliwa katika komini, na kwa miaka kumi na saba uchaguzi huo haukufanyika hata mara moja. Ulifanyika kwa mara ya kwanza Desemba 2023, tena si kila mahali. Tulimchagua rais mara nne, wabunge mara nne, na mtu anayeshika pesa za mfereji wa mtaa wetu tuliletewa. Kisha tunasema demokrasia imeshindwa kuchimba mfereji. Huyu kijana anaishi Manika. Nilimuuliza komini yake ilipokea mrabaha kiasi gani mwaka jana. Hajui. Nilimuuliza kama kuna tangazo lolote ukutani. Akacheka. Yeye anajua bei ya shaba ya London kila asubuhi, kwa sababu bosi wake huitaja.

Mwezi uliopita mazungumzo yaligeukia katiba. Tangu Oktoba 2024, Rais Tshisekedi alipozungumza Kisangani kuhusu kuiandika upya, nchi nzima ina maoni juu ya ibara ya 220, ile inayokataza kugusa idadi ya mihula. Si mara ya kwanza. Mwaka 2016 muhula wa Rais Joseph Kabila uliisha na uchaguzi haukuwepo, na Desemba ile watu waliuawa barabarani Kinshasa na hapa Lubumbashi. Kijana anaona mihula miwili ni michache kwa mtu anayetaka kujenga. Mradi mkubwa unahitaji miaka, anasema, na hapo ana haki: hata laini ya Inga ilikula karibu kumi.

Nikamkumbusha kwamba Mobutu alipochukua madaraka mwaka 1965 aliahidi kukaa miaka mitano tu. Hebu tumchukulie kwa neno lake. Angeondoka Novemba 1970: zaire 1 ni dola 2, uasi umezimwa, hakuna duka lililonyang'anywa. Leo tungekuwa na barabara yenye jina lake na bibi zetu wangelitaja kwa mapenzi. Kila kilichotuua kilitokea katika miaka ya nyongeza aliyojipa ili amalize kazi.

Alinyamaza kidogo, akachovya bukari kwenye sombe.

"Na ule mwenye atakuya nyuma yake, akikuwa mwizi?"

"Tutamutosha na yeye," nikajibu, yaani tutamwondoa.

"Na kura gani, mama mukubwa? Ile ya 2018?"